Jicho la Kuazima

Hakuna mtu aliyewahi kutoka studio ya Revelian pale Keko akiwa na macho yaliyolala. Uje umekesha msibani, uje na homa, uje umelia njia nzima, ukikabidhiwa picha yako utakuta macho yanang'aa kama ya mtu aliyepewa habari njema dakika hiyohiyo. Siri yake ilikuwa kinyota. Ndivyo Revelian mwenyewe alivyokiita kile kialama cheupe cha mwanga alichokibandika ndani ya mboni, kwa kompyuta, kabla picha haijachapwa. Alikitengeneza miaka mingi nyuma kwa kunakili mwako wa taa yake ya duara. Kwa kuwa taa ile ilikuwa na kipande kilichokufa upande wa chini, kinyota nacho kikawa na umbo la pete iliyomeguka. Nusu ya Temeke inatembea na pete ile machoni, kwenye vitambulisho na fremu za harusi, bila kujua.

Abrar aliijua. Alikuwa ameibandika kwa mkono wake mara zisizo na hesabu.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa tatu wa mzee Haroub muuza vitambaa, na baada ya miaka minne ya kazi pale studio wapo wateja waliokuwa hawajaisikia sauti yake. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka mama yake alipolazwa. Mama alipopona, hakuna aliyekumbuka kumrudisha, naye hakukumbusha. Akitakiwa kuongea mbele ya watu zaidi ya wawili, maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwishehe, fundi seremala wa banda la jirani, alimwita Bubu.

"Bubu, mwambie bosi wako vumbi langu halina kosa, ni mninga tu! Watu wananunua manukato, nyie mnapata bure!"

Abrar alitabasamu na kufunga dirisha.

Vumbi hilo ndilo lililoipa studio desturi yake moja. Picha kubwa ikitoka tu kwenye mashine, Revelian huifunga papo hapo kwa nailoni na karatasi ya kaki, huigonga mhuri, na mwenye picha hukatazwa kuifungua mpaka afike inakokwenda. Vumbi la mbao likiganda kwenye picha mbichi halitoki tena. "Picha ni mwali," alizoea kusema. "Haifunuliwi njiani."

Jumapili asubuhi, Revelian akiwa kanisani, kamera ilikuwa ya Abrar. Ndiyo ruhusa pekee aliyowahi kuiomba. Alikwenda nayo Chamazi, mbele kidogo ya uwanja wa mpira, kwenye shimo kubwa ambamo zamani ulichimbwa mchanga. Mvua zililijaza, magugu yakaota, ndege wakahamia. Kule hakukuwa na wa kumsemesha, na ndege hawamwiti mtu Bubu.

Shida ilikuwa lenzi. Ile ya studio ni fupi, ya kumpigia mtu aliyekaa kwenye stuli. Ukitaka sura ya ndege kwa lenzi ya namna ile lazima umsogelee mpaka akuone pua, na hakuna ndege mwenye akili anayekubali hilo. Mwaka mzima wa kwanza Abrar alirudi Keko na picha za migongo. Ndege wanaoondoka, ndege walioondoka, na maji yanayotikisika.

Halafu akamwona yangeyange.

Alikuwa mweupe kama wenzake wote, mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, kama mtu aliyesahau kuvaa viatu akatoka na soksi. Lakini alivua peke yake, na alivua kwa namna ya ajabu, shingo ameipinda daima upande mmoja. Abrar alimtazama Jumapili tatu kabla ya kuelewa. Akimjia kutoka kulia, yangeyange aliruka akiwa bado mbali. Akimjia kutoka kushoto, hakuruka. Jumapili ya nne alimwendea upande huo wa kushoto, maji magotini, hatua moja na kituo, hatua moja na kituo, mpaka zikabaki hatua nne, na hapo ndipo alipoliona jicho. Lilikuwa jeupe tupu, kama nyama ya dafu. Halikuwa na mboni, wala halikutazama popote.

Alishusha mwanga wa kamera mpaka skrini ikawa kama magharibi, maana alishajifunza kwamba kitu cheupe juani huungua. Ukimwachia mwanga, yangeyange anageuka shuka lililoanikwa, bila unyoya hata mmoja. Akapiga picha saba. Ya sita ndiyo yenyewe. Kisha akarudi nyuma kama alivyokuja, kinyumenyume, taratibu, kwa sababu alihisi kwamba kumwendea mwenzio upande asiouona ni jambo ambalo, ukilifanya, walau usimshtue.

Picha ile aliihariri wiki mbili, kidogo kidogo, wateja wakipungua. Aliupandisha mwanga unyoya kwa unyoya, kama mtu anayechambua mchele. Tope la mdomoni aliliacha. Chupa ya plastiki iliyoelea nyuma aliipunguza rangi tu, hakuifuta, ilikuwepo. Jicho hakuligusa kabisa. Kila alipoifungua, jicho lile ndilo lililomfanya anyamaze kwa namna nyingine, isiyokuwa ile ya kila siku.

Mwezi wa sita chama kimoja cha wapenda ndege kikatangaza maonyesho kwenye ukumbi mmoja kule Kawe. Sura za ndege wa Dar, wapigaji wote wanakaribishwa. Mshindi angeazimwa lenzi ndefu ya chama kwa mwaka mzima. Abrar alilisoma tangazo mara tano, kwa sababu kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, na kwa sababu ya yale maneno: mwaka mzima. Kwa lenzi ile asingehitaji tena ndege awe kipofu. Alijaza fomu mwenyewe, akabandika picha yake ya pasipoti, akaandika mahali, aina ya lenzi na umbali: hatua nne. Jumamosi Revelian akaichapa picha wakati Abrar yuko mbele na watoto wa komunyo, akaifunga, akaigonga mhuri.

"Nenda nayo, mwanangu," alisema, na macho yake yalikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. "Watalia wenyewe."

Abrar akaipeleka Kawe, haijafunuliwa, kama mwali.

*

Alhamisi watu wa chama wakampigia simu aende ukumbini, kuna pingamizi. Hakuwa analijua neno hilo kwa maana ya picha. Alilijua la ndoa.

Alikuta wanachama kama kumi na tano wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Atuganile, mama wa makamo aliyestaafu kufundisha baiolojia, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Mwenye pingamizi alikuwa Farhan, kijana mtanashati aliyeshiriki naye maonyesho hayohayo, na aliyekuwa amebeba begani lenzi nene kama bomba la mtaro hata ndani ya ukumbi.

"Shikamoo," Abrar alimwambia Mwalimu.

"Marahaba, binti. Kaa."

Hakukaa. Ukutani walikuwa wamemulika picha yake, imekuzwa mpaka kichwa cha yangeyange kimekuwa kikubwa kama meza. Na jicho halikuwa jeupe. Lilikuwa la njano, zima, zuri, lenye mboni nyeusi, na ndani ya mboni ilikaa pete ya mwanga iliyomeguka upande wa chini.

Kule studio walikuwa na neno lake: kuazima jicho. Mteja akipepesa kwenye picha moja, unachukua jicho kutoka picha nyingine. Revelian alikuwa ameazima jicho la yangeyange mwingine, ambaye Abrar alimpiga kwa mbali mwezi wa tatu na picha yake ikabaki kwenye kompyuta, akalikuza, akaling'arisha, na mwisho akalitia kinyota chake, kama anavyowatia wote.

"Sista, karibu, hatumuumi mtu," alisema Farhan. "Ishu ni ndogo tu. Hebu tuambie jua la Chamazi lina umbo gani. Maana mie jua ninalolijua ni la mviringo, halina pengo kama jino la bibi."

Watu wakacheka.

"Hiyo ni taa ya studio," Farhan aliendelea, sasa akiwageukia wenzake. "Halafu someni fomu. Hatua nne! Kwa lenzi ya pasipoti! Mie yangeyange nawafuata mwaka wa tano huu, hatua ishirini wameshakwenda zao. Huyu ndege amenaswa kwa ulimbo, amefungwa miguu, amepelekwa studio, kapigwa picha, na sidhani kama alirudi."

"Ameliwa," akasema mtu wa nyuma.

"Yangeyange haliwi bwana, ana shombo."

"Inategemea njaa!"

Kicheko kikapanda. Abrar alisikia mwiba wa samaki ukijipanga kooni mahali pake.

"Siyo jicho lake," akasema.

"Unasemaje?"

"Hilo. Siyo jicho lake."

"La nani basi, la kwako?"

Akaona njia. Akaisogelea meza, akaishika fomu yake, akagusa kwa kidole ile pasipoti aliyoibandika kwenye kona. "Tazameni na mie. Macho yangu. Pete ileile. Bosi wangu huwawekea watu wote."

Mwalimu Atuganile alivaa miwani, akainamia pasipoti, kisha akaipitisha. Ilipomfikia Farhan, aliitazama kwa makini mno, akaiweka mezani kwa upole wa mtu anayemaliza karata.

"Umejimaliza mwenyewe, sista. Kwa hiyo wewe na ndege mlikaa stuli moja."

Safari hii hata Mwalimu aliuma midomo. Ukumbi ulivuma. Abrar alisimama katikati ya kile kicheko.

Mwalimu akagonga meza. "Basi, basi. Binti, nisikilize. Wewe bado mdogo. Ukiiondoa picha mwenyewe, kimyakimya, tutayamalizia hapahapa. Hatutaandika popote kwamba ulinasa ndege. Utarudi mwakani."

Ulikuwa mlango mzuri. Maisha yake yote Abrar alitokea milango ya namna hiyo, ya nyuma, isiyo na kelele. Shule alitokea mlango huo. Alitazama mlango halisi, ule wa ukumbi, umeachwa wazi kwa ajili ya upepo. Ungemchukua hatua kumi.

"Siiondoi," alisema.

"Fikiria vizuri."

"Nikiiondoa nitakuwa nimemnasa. Sikumnasa." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie, na walipokwisha kunyamaza alishangaa kwamba bado inatoka. "Yule ni kipofu jicho la kushoto. Jicho lake ni jeupe. Nilimwendea upande asioona, ndiyo maana hatua nne. Hilo la njano limebandikwa. Sikujua mpaka sasa hivi."

"Una picha ya mwanzo?" akauliza Mwalimu. "Isiyobandikwa?"

Abrar alifikiri. Alijua utaratibu wa studio. "Sijui."

"Hajui!" alisema Farhan.

"Ila ndege mwenyewe yupo. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njooni Chamazi, kwenye shimo la mchanga." Alimgeukia Farhan, na hapo mwiba ukatoka wote. "Na wewe braza uje na bomba lako. Tuone nani atamfikia."

Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Kicheko kilirudi, lakini kilikuwa kimegeuza upande.

*

"Nilimwonea huruma," alisema Revelian.

Alikuwa amesimama katikati ya studio na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu aliyenaswa kwenye wema wake. Nje randa za Mwishehe zilikuwa zinalia, lakini Abrar hakufunga dirisha.

"Bosi, ya mwanzo iko wapi?"

"Nimehifadhi mpya juu yake."

"Na kadi ya kamera?"

"Kadi si inalala tupu? Unajua mwenyewe. Kila jioni tunaifuta."

Alijua mwenyewe. Ndivyo walivyofanya kazi. Kadi moja, wateja wengi, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kuuliza sura yake ya kabla.

"Abrar, mwanangu. Ndege kipofu nani atamtaka? Miaka ishirini na sita hakuna aliyetoka mlango huu na dosari. Mwenye chunusi, mwenye kovu, mwenye jicho lenye mtoto. Nawapa heshima yao. Nikasema na wewe nikupe."

"Yule siyo mteja."

"Hata kama..."

"Hakuja kuomba pasipoti, bosi! Lile jicho ndilo picha yenyewe. Umelitoa, umeniachia kuku wa kalenda." Aliisikia sauti yake ikigonga bati. "Nimeitwa mwizi wa ndege mbele ya watu kumi na tano. Mie! Nimeambiwa nimekula."

Randa ya nje ilinyamaza. Kichwa cha Mwishehe kilitokea dirishani, nywele zimejaa vumbi la mbao.

"Nani anaongea humo?" aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Ni Bubu?"

"Naitwa Abrar," alisema Abrar. "Baba yangu alichinja mbuzi kwa jina hilo. Litumie."

Mwishehe alimtazama Revelian, akamtazama Abrar, akarudisha kichwa chake polepole kama kobe. Revelian alikaa kwenye stuli ya wateja. Bila kuulizwa, alivua kamera shingoni akaiweka mezani upande wa Abrar.

"Jumapili ondoka nayo mapema," alisema. "Kadi nitaiacha. Hata ikijaa."

*

Walikuja watatu tu. Mwalimu Atuganile amevaa mabuti ya mpira, Farhan na lenzi yake, na yule mtu wa nyuma aliyesema ndege ameliwa. Ikaonekana ni baba mpole aitwaye Sebastian aliyekuja na chupa ya chai na vitumbua. Jua lilikuwa bado jekundu nyuma ya mapaa. Kwenye shimo walikuwepo bata maji, vitwitwi, kunguru wawili wakigombania mfuko. Yangeyange hakuwepo.

Saa moja ikafika. Saa moja na nusu.

"Labda yuko kwa daktari wa macho," alisema Farhan.

Abrar alikuwa amechutama kwenye magugu, khanga ameifunga kiunoni, tope limemfika magotini. Alijua kwamba ndege kipofu wa jicho moja hana maisha marefu, na kwamba kati ya Jumapili na Jumapili kuna siku sita za mbwa na mawe. Alijua pia kwamba asipotokea, hapatakuwa na mtu wa kumwamini mpaka kiyama. Akabaki amechutama.

Saa mbili kasoro robo, yangeyange akashuka kutoka upande wa uwanja, akatua kwenye maji mafupi, akapinda shingo.

"Ndiye," alisema Abrar. "Braza, anza wewe. Upande wa kulia."

Farhan alikuwa mtaalamu, hilo halikuwa na ubishi. Alijikunja, akanyata, hakuvunja hata kijiti. Mwalimu Atuganile alizihesabu hatua zilizobaki kwa sauti ya chini. Zilipofika ishirini na mbili, yangeyange alinyoosha shingo, akaruka, akatua ng'ambo ya maji.

"Nimekwambieni," Farhan alisema akirudi, anajifuta tope. "Ishirini. Hakuna binadamu anayevuka hapo."

Abrar aliinuka. Alilizunguka shimo lote kwa nje, robo saa nzima, mpaka ubavu wa kushoto wa yule ndege ukawa mbele yake. Ndipo akaingia majini. Hatua moja na kituo. Hatua moja na kituo. Kule ng'ambo wale watatu walikuwa wamesimama kama nguzo, kitumbua kimemkwama Sebastian mdomoni. Kumi. Nane. Sita. Yangeyange alichoma maji, akatoa kidagaa, akameza. Nne. Abrar alishusha mwanga, akavuta pumzi, akapiga. Jicho jeupe lilimtazama bila kumwona, na ndani yake hapakuwa na pete, wala kinyota, wala chochote isipokuwa anga la asubuhi, hafifu kama doa la maziwa.

Akarudi kinyumenyume.

"Sista! Rudia kidogo, simu yangu iligoma kurekodi!" Farhan aliita kwa sauti ya kunong'ona.

"Hapana," alisema Abrar alipowafikia. "Inatosha. Yule anakula, siyo sinema."

Mwalimu aliishika kamera, akaitazama ile skrini ndogo muda mrefu, miwani puani. Kisha akampa Farhan. Naye Farhan, kwa haki yake, hakutafuta pa kupenyea.

"Nafuta maneno ya ulimbo," alisema. "Mbele ya mashahidi. Na ya kula."

"Ya kula yalikuwa yangu," alisema Sebastian. "Nayafuta mwenyewe."

"Lakini Mwalimu," Farhan akaendelea, sasa bila mzaha, "kanuni ya nne iko palepale. Jicho la ndege halibadilishwi. Ile aliyoileta imebandikwa, awe amebandika yeye au bosi wake."

Mwalimu Atuganile alipumua kwa nguvu. "Ni kweli. Na hii ya leo ni nzuri kuliko ile, binti, Mungu anaona, lakini siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa juzi, Ijumaa. Nikikupokelea wewe, nitawapokelea wote. Ukutani haiwezi kupanda."

Kwa hiyo lenzi imekwenda. Mwaka mzima umekwenda. Abrar alisubiri mwiba urudi kooni, akaona haurudi.

"Ile ya jicho la kuazima itoeni," alisema. "Hata mie siitaki. Siyo yangu. Lakini mahali pangu ukutani msimpe mtu. Acheni patupu, na jina langu chini, na muandike kwa nini."

"Unataka watu waje kutazama ukuta?" aliuliza Farhan.

"Mlitaka niondoke kimyakimya. Siondoki kimyakimya. Nimeondolewa, basi ionekane."

Mwalimu alimtazama binti huyu aliyeishia darasa la tano, tope mpaka mapajani, na kwa mara ya kwanza akacheka kicheko kisichokuwa cha kumcheka. "Utaandika mwenyewe hicho kikaratasi?"

"Nitaandika. Ila msinisahihishe."

*

Siku ya maonyesho, kati ya mdiria wa bluu na kozi aliyekunjua mabawa, palikuwa na nafasi ya ukuta mtupu na kikaratasi chini yake, kwa herufi kubwa zilizopandana kidogo: *Abrar Haroub. Yangeyange wa Chamazi. Imetolewa kwa sababu aliwekewa jicho la kuazima. Yeye hakuliomba.*

Na mbele ya ukuta huo alisimama Abrar mwenyewe, amevaa baibui lake jeusi, ameshika kwa mikono miwili, kifuani, picha kubwa ya ndege mweupe mwenye jicho jeupe.

Farhan ndiye aliyefika kwanza. "Sista, tulikubaliana. Kanuni inakataza."

"Kanuni inasema ukutani," alisema Abrar. "Mikononi haikusema."

Farhan alikitafuta kitabu cha kanuni kichwani mwake, akakikosa kifungu. Baada ya kitambo alirudi na glasi ya maji, akaiweka chini karibu na miguu ya Abrar, akaondoka.

Abrar alikuwa amesimama tangu saa tatu. Watu walikuja, wakasoma kikaratasi, wakainua macho. Wengine walikunja uso: "Mbona mnatuonyesha kilema?" Wengine waliuliza, naye akajibu, mmoja mmoja, wawili wawili, mwishowe duara zima la wanafunzi na mwalimu wao. Aliwaeleza habari ya upande wa kushoto na hatua nne. Kuna bibi mmoja alisimama pale muda mrefu, jicho lake mwenyewe lina utando. Saa sita lenzi ndefu ilitolewa kwa mama mmoja wa Mbagala aliyempiga mdiria, na ukumbi wote ukapiga makofi isipokuwa Abrar, ambaye mikono yake ilikuwa na kazi.

Saa nane mabega yalikuwa yanamwaka moto na picha imeanza kutetemeka. Hapo ndipo alipomwona Revelian akiingia, amevaa suti ya kanisani ingawa ni Jumamosi, akipita mbele ya ndege wote bila kuwatazama. Alisimama mbele ya picha. Alikuwa ameiona Jumatatu asubuhi alipoichapa kwa mkono wake, lakini aliichapa amegeuza uso, na kuifunga haraka kama mtu anayefunga kidonda. Sasa aliitazama.

Alitazama jicho lile kwa dakika nzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatembeatembea ubavuni, kidole kimoja kinagonga hewa, kama mtu anayebonyeza kipanya cha kompyuta.

"Kidogo tu," alinong'ona. "Kama punje ya mtama. Hakuna ambaye angejua."

"Hapana, bosi."

"Haya. Mikono inakuuma?"

"Inauma."

"Nikuletee kiti?"

"Sikai mpaka wafunge."

Revelian aligeuka, akautazama ukumbi uliojaa watu wa Kawe na kamera zao, watu waliokuwa wamekwisha kujua kinyota chake ni kipi na kimefanya nini. Halafu akaja upande wa kushoto wa picha, akashika kona yake, akasimama naye.

Mpiga picha wa maonyesho akawafikia. "Mzee, sista, tazameni huku. Mzee tabasamu basi, macho yako yamelala."

"Yaache," alisema Revelian.